Nani Alikufundisha Kusoma?

Jumapili, 24 Septemba 2023. Korogwe

Kamati ya taaluma imenipa mada ya kuwaaga wanachuo kabla hawajakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha: "Sifa za Mwalimu Asiyesahaulika." Saa nzima, ukumbini, wote wakiwa na madaftari. Najua inavyokuwa. Mkufunzi anasimama, anataja upendo, uvumilivu, unadhifu, kulimudu somo, kuwa mfano wa kuigwa. Wanachuo wanaandika, wanapiga mstari kwa kalamu nyekundu, wanapiga makofi. Sifa hizo hizo wanazo tayari kwenye daftari la saikolojia, na zingine waliziandika wakiwa kidato cha pili kwenye insha.

Sitaki kurudia. Wiki hii nitauliza watu tu. Kila nitakayekutana naye: mwalimu gani unamkumbuka, na kwa nini?

Jumatatu, 25 Septemba

Nimeanza na ofisi yetu, saa ya chai. Nilidhani watachukua muda kufikiri. Hata sekunde. Kelele ikawa kama ya stendi. Yalitoka majina ya utani kwanza: Chuma, Mjerumani, Kifaru, Mzee wa Pointi. Kisha viboko: nani alichapa kwa mkono wa kushoto, nani alichapa huku akihesabu kwa Kiingereza, nani alikuwa na fimbo yenye jina. Watu wazima, wenye shahada, wanasimama kuonyesha walivyokuwa wakijikunja. Wanacheka mpaka machozi. Niliona mmoja tu hakucheka, akaendelea kumenya yai lake.

Mkufunzi mwenzangu wa hisabati ndiye aliyenipa kitu. Alikuwa na mwalimu, kidato cha kwanza, aliyeingia darasani mikono mitupu, akageukia ubao, akachora duara kwa mkono, mara moja, bila kamba wala bikari. Duara kamili. Akaweka kitone katikati, akageuka, akaanza kufundisha. Hakusema lolote kuhusu lile duara. "Nilirudi bwenini nikajaza daftari zima maduara," anasema. "Mpaka leo sijaweza. Lakini ndiyo njia niliyoingilia hesabu."

Nikamuuliza mwalimu huyo alifundisha vizuri? Akafikiri. "Sikumbuki," akasema. "Nakumbuka duara."

Jumanne, 26 Septemba

Dereva wa bajaji, kijana wa miaka thelathini hivi, akaniambia habari ambayo sijaweza kuiweka chini tangu asubuhi. Alilelewa na mama peke yake, baba hakujulikana. Shule walikuwa wanaita mahudhurio kwa jina la mtoto na la baba. Kila mwaka, siku ya kwanza, mwalimu mpya akifika kwenye jina lake alisita, akauliza mbele ya darasa, "Wewe baba yako nani?" Alipoingia darasa la tano, mwalimu wa darasa alimwita jioni kabla ya siku hiyo, wakiwa wawili, akamuuliza: "Kesho nikuite vipi?" Akasema anataka jina la babu mzaa mama. Kesho yake likasomwa katikati ya mengine, kwa sauti ile ile, kama lililokuwapo miaka yote. Ndilo jina lililo kwenye leseni yake. Alinionyesha tukiwa tumesimama kusubiri lori la mkonge lipite.

Jioni nikapita kwa fundi cherehani wangu. Yeye anamkumbuka aliyemwambia, mbele ya wenzake, kwamba mkono wake ni wa jembe na si wa kalamu. Amepita miaka hamsini sasa. Ananisimulia huku akinikatia gauni kwa mkono huo huo, bila kuchora hata mstari wa chaki kwenye kitambaa.

Kwa hiyo swali langu linaokota vyote: aliyekujenga, aliyekuumiza, aliyekuchekesha. Mtu aliyelichagua neno "asiyesahaulika" kwenye ile mada hakufikiria hilo. Hata wabaya hawasahauliki. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne na mkuu wa shule ndiye atoe kibali, lakini ukisikiliza simulizi za ofisini kwetu utadhani kumbukumbu ya taifa hili imechongwa kwa mwanzi.

Alhamisi, 28 Septemba. Maulidi

Nimepanda Lushoto kwa mama. Baada ya chakula nikamuuliza na yeye. Mama hakusoma shule zaidi ya darasa la nne, na walimu wa shule hawakumbuki, isipokuwa mmoja aliyekuwa na baiskeli. Ila mwalimu wake wa chuo, aliyemfundisha Kurani, akanitajia kwa jina, jina la baba yake, kijiji alichotoka, akanitajia na mwalimu aliyemfundisha huyo, na kwamba huyo wa pili alisoma Tanga mjini. Akaongeza dua, rehema za Mungu ziwafikie, papo hapo, kijiko kikiwa mkononi.

Nikashangaa, kisha nikaona hakuna la kushangaza. Chuoni mtu akihitimu, mwalimu hutajwa mbele ya watu. Kwenye kila khitma anaombewa. Mwenye kuendelea na elimu anapewa ijaza, nayo inaorodhesha: huyu kasoma kwa huyu, naye kwa huyu, mpaka juu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliandika kitabu kizima cha wanazuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na ukikifungua unakuta karibu kila ukurasa una nani alisoma kwa nani. Ukimtaja yeye mwenyewe, nyuma yake yupo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Mnyororo hauachi pete.

Sisi wa shule tunatoa cheti chenye sahihi ya Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani, ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo. Jina la aliyemshika mkono akaandika "a" ya kwanza halipo popote.

Nikarudia swali, nikaligeuza kidogo: "Mama, shule ni nani alikufundisha kusoma?" Akatikisa kichwa. "Nilijikuta tu najua."

Jumamosi, 30 Septemba

Tangu niliposhuka Lushoto nimeacha swali la kwanza. Nauliza la mama: nani alikufundisha kusoma? Simaanishi Kiingereza, simaanishi vitabu vya fasihi. Kusoma. Siku ulipotazama alama kwenye karatasi ikawa sauti, nani alikuwa amesimama mbele yako?

Kimya. Wale wale waliopiga kelele Jumatatu wanatazama dari. Mwalimu wa kilimo anadhani alikuwa mwanamke. Mwingine anasema ni dada yake, nyumbani, kwa mkaa sakafuni. Huyo ana bahati. Mkufunzi wa hisabati, ambaye anakumbuka duara la mwaka 1989, hana hata sura. Dereva wa bajaji anakumbuka dawati, lilikuwa na tundu la wino japo wino ulishakoma zamani.

Na mimi je? Naikumbuka harufu ya sakafu ya udongo iliyomwagiwa maji. Nakumbuka tulikaa chini. Mbele alikuwa mtu, na mtu huyo hana uso.

Hapa ndipo mada yangu ilipo, naona. Ukiondoa kuongea na kutembea, hakuna alichopewa binadamu wa leo kikubwa kuliko kusoma. Aliyetupa hicho tumemsahau kwa pamoja, wote, kana kwamba tumeagana. Anayekumbukwa ni yule wa darasa la tano, la saba, wa kidato cha nne: aliyetukuta tayari tuna akili ya kutazama watu.

Jumatatu, 2 Oktoba

Usiku nimetoa makaratasi yangu ya shahada ya pili, kwenye sanduku lile la chini ya kitanda. Nilikuwa natafuta habari za Tennessee.

Mwaka 1985 jimbo hilo la Marekani lilianza jaribio: watoto wapatao 11,500, shule 79, wakagawanywa madarasani kwa kura, na walimu pia kwa kura, tangu chekechea mpaka darasa la tatu. Walitaka kujua kama darasa dogo linasaidia. Lilisaidia. Lakini kilichonivutia kilikuja baadaye, mwaka 2011, pale mchumi Raj Chetty na wenzake walipochukua orodha ya watoto wale, sasa watu wazima wa miaka ishirini na kitu, wakailinganisha na kumbukumbu za kodi. Watoto waliopata darasa zuri la chekechea walifanya vizuri mitihani ya mwaka ule. Miaka michache mbele faida hiyo kwenye mitihani ikayeyuka, haionekani tena. Mtu angeweza kusema imepotea. Walipofika umri wa kufanya kazi ikaonekana upya, kwenye kipato chao. Waliofundishwa chekechea na mwalimu mwenye uzoefu mrefu walikuwa wanapata zaidi wakiwa na miaka 27.

Nani katika wale vijana wa Tennessee angemtaja mwalimu wake wa chekechea kuwa sababu ya mshahara wake? Ilibidi mamlaka ya kodi iwakumbukie.

Hizo ni hela, najua, na ualimu haupimwi kwa hela peke yake. Lakini nimechoka na watu wanaosema kazi ya darasa la kwanza ni kulea.

Jumanne, 3 Oktoba

Umeme umekatika tangu saa tisa. Joto la Korogwe bila feni. Sikuandika chochote cha maana.

Alhamisi, 5 Oktoba

Siku ya Walimu Duniani. Huadhimishwa tangu 1994, kukumbuka mapendekezo ya hadhi ya mwalimu yaliyopitishwa na UNESCO na Shirika la Kazi Duniani mwaka 1966. Tumepewa soda na biskuti na hotuba. Hadhi imetajwa mara nyingi. Madeni ya uhamisho na likizo hayakutajwa.

Baada ya hotuba tukabishana, mimi na mkufunzi wa Kiswahili, ambaye ndiye msomaji mkubwa hapa chuoni. Alikuja na Albert Camus. Anakipenda kisa chake na mimi nakipenda: mtoto wa Algiers, mtaa wa Belcourt, baba kafa vitani 1914 kabla mtoto hajatimiza mwaka, mama hajui kusoma na hasikii vizuri, bibi ndiye mwenye amri na anataka mjukuu amalize shule ya msingi akatafute kazi. Mwalimu wake, Louis Germain, anamfundisha masomo ya ziada bila malipo, anakwenda nyumbani kuzungumza na bibi, mtoto anaingia kwenye mtihani wa ufadhili, anafaulu. Mwaka 1957 anapewa Tuzo ya Nobel. Baada ya mama yake, mtu anayemfikiria ni mwalimu huyo, na mwezi Novemba anamwandikia barua. Hotuba alizotoa Sweden, zilipochapishwa, alizitabaruku kwa Germain.

"Huyo ndiye mwalimu asiyesahaulika," akasema. "Mada yako imeisha. Nenda ukawasomee barua."

Nikamwambia: Germain alimfundisha darasa la mwisho la msingi. Camus alikuwa na miaka kumi. Alipofika kwa Germain tayari alikuwa anasoma. Mtu fulani katika shule ile ile alimkuta mtoto wa mama asiyejua herufi, kwenye nyumba isiyo na kitabu wala gazeti, akamfanya msomaji. Barua ya huyo iko wapi?

Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu vizuri, lazima niandike jibu lake kwa haki. Alisema: aliyekufundisha kusoma alikupa chombo, na chombo ukishakizoea hukioni. Germain alifanya kingine, alikwenda kusimama mlangoni kwa bibi. Alitumia heshima ya kazi yake kumwombea mtoto ambaye hakuwa na mwombezi. Hilo mtoto huliona, tena kwa macho yake, na ndilo linalobaki. Akaongeza kuwa dereva wangu wa bajaji anasema jambo lile lile. Mwalimu wake hakumfundisha kitu siku ile. Alisimama upande wake.

Sikuwa na la kumjibu pale. Naliona sasa. Kwenda mlangoni kwa bibi kunahitaji kuwe na mtoto anayestahili kuombewa, na kustahili huko, machoni pa bibi na machoni pa mtihani, kulijengwa na yule asiye na barua. Lakini kweli, wangapi walifundishwa kusoma vizuri, na hakuna aliyekwenda mlangoni? Wako mashambani mwa mkonge hapa hapa, wanasoma magazeti ya kufungia karanga.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimempigia dada, Tanga. Yeye alinitangulia shule miaka miwili, ana kumbukumbu kama daftari la mdai.

"Dada, shikamoo. Ni nani alitufundisha darasa la kwanza?"

"Marahaba. Unaumwa?"

Nikamweleza. Akacheka, akaniambia bila kusita: "Si yule mwalimu wa UPE. Mwalimu wa Chini." Tulimwita hivyo kwa sababu chumba cha darasa la kwanza kilikuwa chini ya mteremko, mbali na ofisi. Jina lake halisi dada hana. Alikuwa kijana, hata ndevu hazijakaa vizuri.

Ni mwaka 1981 huo, kwangu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni, ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika 1977 madarasa yakafurika. Walimu wa kutosha hawakuwepo wala wasingepatikana vyuoni kwa muda ule. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapangiwa shule, wakawa wanafundisha huku wanajifunza ualimu: masomo ya posta, vipindi vya redio, mratibu wa kata akiwapitia. Watu waliwacheka. UPE, wakasema, ni Ualimu Pasipo Elimu. Mpaka leo mtu akikosea hesabu sokoni utasikia, "Huyu kasomeshwa na UPE." Kizazi cha baada yao kikaja kuwapata walimu wa miezi michache wa miaka ya 2000, wakapewa jina la Voda Fasta, kejeli ikahama nyumba.

Dada akaendelea, na kila alichosema kikawa kinafungua kitu kichwani mwangu, ingawa sijui kama ninakumbuka au ninaona tu kwa maneno yake. Madaftari hayakuwepo, vita vya Kagera vilikuwa vimetoka kuisha na hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mwalimu wa Chini alitutoa nje, kila mmoja akasafisha kipande chake cha udongo kwa kiganja, tukaandika kwa kidole. Yeye akawa anapita ameinama, anashika kidole cha huyu, cha yule, kutwa nzima. Dada anasema alikuwa analala kifudifudi kwenye dawati saa ya mapumziko, mgongo unamuuma.

Na ng'. Hapa dada alinitia wivu. Watoto wa Kisambaa kwa kweli sauti hiyo hatukuwa na tabu nayo mdomoni, tabu ilikuwa kuiona kwenye maandishi, n na g na kile kikoma cha juu, tukawa tunasoma "ngo-mbe". Mwalimu wa Chini akatuambia tufunge midomo tugune. Darasa zima likaguna. Sasa, akasema, fungueni midomo bila kuacha kuguna. Ikatoka yenyewe. Akaandika ubaoni alama zake: hiyo mliyotoa sasa inaandikwa hivi. Dada akaguna kwenye simu, miaka hamsini na kitu, mumewe akamuuliza nini.

Mimi ni mkufunzi wa lugha. Nimesoma fonetiki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilichora mdomo na kaakaa laini kwenye mtihani. Hakuna profesa aliyenieleza sauti hiyo kwa ufupi kuliko kijana wa darasa la saba aliyekuwa akisikiliza redio usiku apate la kutufundisha kesho.

Amekwenda wapi? Dada anadhani alihamishiwa Handeni. Basi.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimekwenda kwenye shule moja tunakopeleka wanachuo, kukagua nafasi. Silitaji jina, nyingi ziko vile vile. Nikamuuliza mwalimu mkuu, mtu mwungwana, anavyowapanga walimu wake. Akanieleza kwa uwazi. Wenye nguvu wanakaa darasa la nne na la saba, kwa sababu huko kuna mitihani ya taifa, na matokeo yanabandikwa, na shule inapangwa ya ngapi wilayani. Darasa la kwanza anampa aliyekaribia kustaafu, au mwenye mtoto mchanga, au, hapa akatabasamu, "aliyenikorofisha."

Nikaomba kuona darasa la kwanza. Watoto wamejaa mpaka mlangoni. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 hawajapungua. Mwalimu ni mama mtu mzima, sauti imekauka. Wanaimba: ba, be, bi, bo, bu. Wanaimba vizuri sana. Nikamwomba ruhusa, nikamsogelea mtoto mmoja nikamwonyesha "bo" peke yake ukutani. Akaanza kuimba kimoyomoyo, midomo ikicheza, ba, be, bi, mpaka akaifikia: "bo!" Akafurahi. Nikamwonyesha "tu". Akaanza ta.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tangu 2015, vitabu vipo, mwongozo upo, na unasema wazi mtoto asikie sauti ya herufi kabla ya kuunganisha. Mama yule anaujua. Alinitolea mwongozo kwenye mkoba, umekunjwakunjwa, umeandikwa pembeni. Lakini kumsikia kila mtoto peke yake, katika darasa lile, kwa kipindi cha nusu saa, utamsikia nani? Anachofanya ni kuwachagua wachache kila siku, anawaweka karibu na meza wakati wengine wanaandika, anawasikiliza mmoja mmoja, anaweka alama kwenye kadi. Kesho wengine. Kadi zake alizikata kwenye maboksi ya sabuni. Hakuna aliyemwagiza. Nikamuuliza kama mwalimu mkuu anazijua hizo kadi, akasema hajawahi kuuliza.

Nilikaa naye mpaka kengele. Sikumuuliza kama anadhani watoto watamkumbuka.

Jumamosi, 14 Oktoba

Siku ya Nyerere. Redio tangu alfajiri ni sauti yake. Ukihesabu miaka aliyosimama darasani ni michache: Tabora St. Mary's tangu 1946 mpaka alipokwenda Edinburgh 1949, kisha Pugu tangu 1953 mpaka alipoacha kazi 1955 kwa sababu ya siasa. Kwa miaka hiyo kidogo nchi nzima ikampa cheo cha kufia nacho: Mwalimu.

Leo nimeshika upande mwingine: nani alimfundisha yeye? Mwaka 1934 mtoto wa miaka kumi na mbili alitoka Butiama akaenda Musoma, kilomita arobaini hivi, kuingia shule ya Mwisenge. Mzee James Irenge alikuwa mwalimu wake pale. Nimewauliza wanachuo waliokuwa wanafua nyuma ya bweni, vijana wenye akili, wanalijua Azimio la Arusha kwa vifungu. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimezungumza. Nilifuta kichwa cha mada ubaoni nikaandika swali. Nikawaachia dakika kadhaa waandike jina. Kalamu zilikaa hewani. Msichana mmoja tu aliandika, kwa sababu aliyemfundisha ni mama yake mzazi, darasani, na anasema alikuwa anamchapa kuliko wengine ili isionekane upendeleo.

Sikuwasomea sifa. Niliwaeleza Mwalimu wa Chini na mguno wake. Nikawagunisha ukumbi mzima, mlinzi akaja dirishani. Nikawaeleza kadi za maboksi ya sabuni, na "bo". Nikawaeleza na jina kwenye leseni ya bajaji, maana mkufunzi wa Kiswahili alikuwa amekaa mstari wa mbele na sikutaka kumdhulumu hoja yake. Nikamaliza kabla ya saa kuisha.

Kijana mmoja mrefu, wa nyuma, akasimama. "Mwalimu, kama hawatatukumbuka, tutajuaje kama tulifanya kazi?"

Nikamwambia: mwishoni mwa Novemba, kabla hujarudi chuoni, andika kwenye karatasi sentensi ambayo haimo kwenye kitabu chao. Isiwemo kabisa. Mtoe mtoto nje, mmoja mmoja, wenzake wasimsikie, umpe. Ukiona macho yanahama kutoka neno hadi neno na haimbi, umejua. Asiyeweza, andika amekwama silabi ipi, umwachie mwalimu wake karatasi hiyo.

Aliandika. Wengine wakaandika. Makofi hayakuwa mengi.

Nje, mwenzangu wa hisabati alinishika mkono. Hakupendezwa. "Unawavunja moyo," akasema. "Kwa mshahara ule, kijijini, nyumba haina mlango, kitu kinachomwinua kijana kitandani ni kudhani siku moja mtu atamtaja. Waache wachore maduara yao." Sidhani amekosea kabisa. Nimesema tutaongea.

Jumanne, 17 Oktoba

Fomu za kupangiwa madarasa. Kwa kawaida mimi ndiye ninayewasukuma watu darasa la kwanza, wanakuja ofisini na visingizio, koo, kifua, ujauzito. Leo wapo walioomba wenyewe, si wengi. Kijana mrefu ni mmojawao.

Mwalimu mkuu wa shule anayokwenda amenipigia saa nane, amekasirika kwa adabu. Upimaji wa darasa la nne ni wiki ijayo, ana upungufu wa mtu wa hisabati, na mimi nampelekea dume zima likafundishe a e i o u? Nikamwambia kijana anaweza hesabu pia, lakini fomu ni fomu. Tukavutana. Mwishowe: asubuhi mpaka chai darasa la kwanza, baada ya chai la nne, na baada ya upimaji abaki la kwanza moja kwa moja mpaka shule zifungwe. Amekubali kwa mdomo. Kesho asubuhi na mapema naandika barua, niipitishe kwa Afisa Elimu Kata, kabla hajageuza.